Kobla ya matunda nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa na majirani, na kina mama tunaopika pamoja, na vijana wanaopiga simu unga ukiwa tayari uko mikononi. Mapishi kamili yapo katika sehemu ya pili. Kama huna oveni, usikate tamaa: soma kwanza swali la mkaa kwenye sehemu ya moto. Kwangu mimi hilo ndilo jibu lenye uzito kuliko yote hapa.

## Kuijua kobla

Kobla ni nini hasa?

Ni matunda yaliyotiwa sukari kidogo, yakawekwa kwenye chombo chenye kina, yakafunikwa kwa unga laini wenye siagi, kisha yakaokwa. Chini matunda yanaiva na kutoa shira nzito. Juu unga unaumuka na kupiga wekundu, na pale unga unapokutana na shira kuna tabaka moja lenye ulaini kama wa mkate uliochovywa kwenye chai. Tabaka hilo ndilo linalowafanya watu warudie sahani.

Huikati vipande kama keki. Unaichota kwa kijiko kikubwa na kuiweka kwenye bakuli, na haina haja ya kusimama wima wala kupambwa.

Imetoka wapi?

Marekani. Walowezi kutoka Uingereza walizoea pai na pudingi za kwao, lakini huko walikokwenda wengi hawakuwa na tanuri la matofali wala vyombo vya kusukumia chapati za pai. Walichokuwa nacho ni sufuria la chuma cha kusubu lenye miguu mitatu na kifuniko chenye ukingo ulioinuka. Sufuria lilikaa juu ya makaa, na makaa mengine yakawekwa juu ya kifuniko. Matunda yalitangulia chini, unga ukafuata juu bila kusukumwa. Jina la kobla limo katika vitabu vya mapishi vya Marekani tangu mwaka 1839.

Kusini mwa nchi hiyo ndiko ilikoshika mizizi, hasa kobla ya pichi. Pichi ni tunda la China kwa asili, Wahispania walilifikisha Amerika katika karne ya 16, na Georgia ikalifanya nembo yake. Wapishi Weusi, wakati wa utumwa na baada yake, ndio walioijenga kobla kwa sehemu kubwa kama tunavyoijua leo, na mpaka sasa ni chakula cha Jumapili baada ya ibada, cha misiba na cha mikusanyiko ya ukoo. Huko Fort Valley, Georgia, kila mwaka kwenye sikukuu ya pichi hupikwa kobla moja kubwa ya kulisha umati mzima.

Ina tofauti gani na pai, au na zile nyingine zinazofanana nayo?

Pai ina ganda chini, na mara nyingi na juu pia. Kobla haina ganda chini. Krambo ya Waingereza hufunikwa kwa unga, sukari na siagi vilivyosuguliwa mpaka vikawa kama chenga, bila maziwa wala kitu cha kuumua. Ukiongeza oti (oats) kwenye chenga hizo, Wamarekani huiita krispi. Kobla ina unga uliolowana na unaoumuka. Ukishika hilo, majina mengine hayatakuchanganya.

Kuna aina ngapi?

Za kujua ni mbili. Ya kwanza ni ya madonge: unga mzito unadondoshwa kwa kijiko juu ya matunda. Ya pili ni ya kumimina: rojo jepesi linamiminwa kwenye siagi iliyoyeyuka, matunda yanawekwa juu yake, na likiingia kwenye moto rojo linapanda lenyewe na kuyafunika. Wapo pia wanaofunika kwa chapati ya pai, nao ni wengi huko Kusini, lakini kwa anayeanza sioni sababu ya kujipa kazi hiyo.

## Mapishi yenyewe

Nipe mapishi ya msingi, ya madonge.

Haya ni ya chombo cha sentimita 23 kwa 23 chenye kina cha sentimita 5, yanatosha watu sita hadi wanane. Nimetumia embe kwa sababu ndilo tunda lililo karibu na wengi wetu. Kikombe ni cha ml 250.

Matunda: vikombe 6 vya embe lililomenywa na kukatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba (kama kilo 1 ya nyama ya embe, bila maganda na kokwa), sukari nusu kikombe, konflawa vijiko vikubwa 2, maji ya ndimu vijiko vikubwa 2, iliki iliyosagwa nusu kijiko kidogo, chumvi kiasi cha kushika kwa vidole viwili.

Kifuniko: unga wa ngano kikombe 1 na nusu, sukari vijiko vikubwa 3, beking pauda vijiko vidogo 2, chumvi nusu kijiko kidogo, siagi baridi gramu 85, maziwa baridi au mtindi ml 150.

Washa oveni nyuzi 190. Changanya sukari, konflawa, iliki na chumvi vikiwa vikavu, ndipo utie kwenye matunda pamoja na ndimu. Konflawa ikitangulia kugusana na sukari haifanyi vidonge. Mimina kwenye chombo, ingiza kwenye oveni kwa dakika 15 peke yake, bila unga.

Wakati huo andaa kifuniko. Changanya vitu vikavu, kata siagi vipande vidogo, uisugue kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka ubaki na chenga, nyingine kubwa kama punje ya njegere. Usiisugue siagi yote mpaka ipotee. Mimina maziwa mara moja, koroga kwa uma au mwiko kwa mizunguko kumi au kumi na miwili tu. Utaona donge linalonata lenye sura mbaya, na ndivyo linavyotakiwa kuwa.

Toa matunda, yatakuwa yameanza kutoa majimaji na yamepata moto. Dondosha unga kwa kijiko, madonge manane au tisa, ukiacha nafasi kati yake. Nyunyiza sukari kidogo juu. Rudisha kwa dakika 25 hadi 30. Ikitoka, iache ipoe kwa nusu saa kabla ya kuchota.

Kwa nini matunda yatangulie kwenye moto?

Kwa sababu unga ukikaa juu ya matunda baridi, juu unaiva na chini unabaki mbichi. Matunda yenye moto yanaupika unga kwa mvuke kutoka chini huku oveni ikiupika kutoka juu. Katika maelezo yote ninayotoa, hili ndilo linalorukwa zaidi, na ndilo linalozaa malalamiko mengi ya sehemu ya tano.

Na ya kumimina inapikwaje?

Weka siagi gramu 115 kwenye chombo, iingie kwenye oveni ya nyuzi 180 mpaka iyeyuke. Kwenye bakuli koroga unga kikombe 1, sukari robo tatu ya kikombe, beking pauda vijiko vidogo 2, chumvi nusu kijiko kidogo na maziwa kikombe 1. Mimina rojo juu ya siagi, kisha tandaza vikombe 3 vya matunda juu ya rojo. Usikoroge. Mkono utawasha, lakini usikoroge, maana ukikoroga unapata keki nzito yenye mafuta badala ya kobla. Oka dakika 45 hadi 55.

Hii ni rahisi kuliko ile ya kwanza, na watoto wanaipenda kwa sababu kingo zake zinakuwa kama karameli. Mimi napendelea ya madonge kwa kuwa tunda linasikika zaidi.

Sina mizani. Nitapimaje siagi?

Vijiko vikubwa 6 ni karibu gramu 85, na nusu kikombe ni karibu gramu 115. Kikombe chochote utakachotumia, kitumie hichohicho tangu mwanzo mpaka mwisho. Kikombe cha chai cha nyumbani kikizidi ml 250 kidogo hakina madhara, mradi kila kitu kimepimwa nacho.

## Viungo, na cha kutumia kama hakipo

Konflawa ni unga wa ugali?

Hapana. Konflawa ni wanga mtupu uliotolewa kwenye mahindi, mweupe na laini kama poda, ukiushika unalia kati ya vidole. Unga wa sembe ni punje ya mahindi iliyosagwa baada ya kukobolewa, nao ukiutia kwenye matunda utapata uji wenye chenga. Wanga wa muhogo unafaa vizuri kwa kipimo kilekile. Kama huna chochote, tumia unga wa ngano vijiko vikubwa 4. Shira itakuwa na ukungu kidogo, ladha itabaki nzuri.

Naweza kutumia hamira badala ya beking pauda? Au magadi?

Hamira ni kiumbe hai, inahitaji muda wa kuumua na inatoa mkate. Ukiitia hapa na kuingiza chombo kwenye oveni papo hapo, kifuniko kitabaki bapa.

Magadi ya kupikia maharage, yale ya mawe kutoka maziwa kama Magadi na Natron, ni makali kuliko soda ya kuokea na yanaacha ladha ya sabuni. Yaache jikoni kwa ajili ya maharage. Soda ya kuokea ya dukani inawezekana: nusu kijiko kidogo badala ya vijiko 2 vya beking pauda, lakini lazima utumie mtindi badala ya maziwa, na kijiko kidogo cha maji ya ndimu ndani yake. Bila uchachu soda haifanyi kazi yake yote, na itakayobaki utaisikia mdomoni.

Majarini inafaa? Samli? Mafuta ya kupikia?

Majarini ya mche, ile ngumu, inafaa, ila punguza chumvi kwa nusu kwa sababu yenyewe ina chumvi. Majarini laini ya kopo inayeyuka haraka mkononi, kwa hiyo iweke kwenye friji ya barafu kwa nusu saa kwanza. Samli inatoa harufu tamu sana pamoja na iliki, lakini haina maji ndani yake kama siagi. Tumia gramu 70 na uongeze kijiko kikubwa kimoja cha maziwa.

Mafuta ya maji yanafaa kwa kobla ya kumimina tu, na hata hapo tumia robo tatu ya kipimo cha siagi. Kwenye madonge hayatoi zile chenga zinazofanya unga uwe mwepesi.

Naweza kupika bila maziwa wala siagi, wakati wa mfungo?

Ndiyo, na ukiwa karibu na nazi huenda usirudi kwenye maziwa. Tumia tui zito ml 150 kwenye kifuniko, na gramu 80 za mafuta ya nazi yaliyoganda kwa baridi. Kwa embe na nanasi tui linapatana kuliko maziwa ya ng'ombe. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Tanga au Mombasa lazima yatoke kwenye friji dakika ileile unayoyatumia.

Matunda gani yanafaa?

Tunda zuri la kobla lina uchachu kidogo, lina nyama inayovumilia moto, na halijajaa maji. Embe linakidhi yote matatu likiwa limeiva lakini bado gumu kidogo. Dodo na boribo ni mazuri. Embe sindano ni tamu mno kulila hivihivi, ila nyuzi zake zinasumbua kwenye kobla. Forosadi zikiwa msimuni ni hazina. Zinatoa shira nyeusi ya zambarau, ziongezee konflawa kijiko kimoja. Tufaa la kizungu, yaani epo, likatwe vipande vyembamba na kutangulia kwenye moto kwa dakika 25, kwa maana linachelewa kulainika. Pasheni peke yake haiwezekani, lakini rojo la pasheni nne likichanganywa na embe ndilo pishi ninalowapikia wageni.

Ndizi mbivu hulainika mpaka kupotea, zitie zikiwa na ukijani kidogo mkiani. Papai limepooza, litie ndimu maradufu na tangawizi. Tikiti maji usijaribu, ni maji matupu.

Na pichi zenyewe, nitazipata wapi?

Zinalimwa nyanda za baridi, kama Lushoto kwenye milima ya Usambara na huko Limuru nchini Kenya, lakini msimu ni mfupi. Tafuta zile ambazo nyama yake inaachia kokwa ukiipasua na kuizungusha. Zile zinazong'ang'ania kokwa zitakupotezea nusu ya tunda. Aina maarufu ya Elberta, iliyotoka kwa mkulima Samuel Rumph wa Marshallville, Georgia, katika miaka ya 1870, ni ya kuachia kokwa, na Rumph aliipa jina la mke wake. Kuzimenya, zitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 hadi 60, kisha kwenye maji baridi. Ganda litateleza.

Walio Marekani au Ulaya wanazo zilizogandishwa mwaka mzima. Hizo ziingize bila kuziyeyusha, ongeza konflawa kijiko kimoja, na ule muda wa kwanza wa matunda peke yake uwe dakika 25 hadi 30.

Za kopo je?

Zinafaa, tena vizuri. Chuja shira yote ya kopo, usiitie. Punguza sukari ya matunda iwe vijiko vikubwa 2, ongeza ndimu, na usizipike kwanza zaidi ya dakika 10 kwa kuwa zimeshaiva.

Kobla yangu ya nanasi ilikuwa chungu. Kwa nini?

Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, na maziwa yakikutana nacho yakiwa baridi huanza kuwa machungu. Moto unakiua. Chemsha vipande vya nanasi kwenye sufuria na sukari na konflawa kwa dakika tano kamili, ndipo uvitie kwenye chombo na kuendelea kama kawaida. Na kwa nanasi usitumie kobla ya kumimina isipokuwa umelichemsha.

Sukari nitie kiasi gani?

Onja tunda. Embe lililoiva vizuri halihitaji zaidi ya nusu kikombe, na mimi mara nyingi natia theluthi moja. Matunda makali kama plamu za Lushoto yanataka robo tatu. Ukisoma mapishi ya Kimarekani utakuta kikombe kizima au zaidi; huo ni mkono wa kwao, na si lazima uufuate.

## Moto

Sina oveni. Nitapikaje?

Rudi juu kwenye swali la asili yake. Kobla ilizaliwa kwenye makaa, chini na juu. Sasa mkumbuke bibi yeyote wa pwani anayepika mkate wa kumimina, au anayepalia wali: sufuria jikoni, bati au sinia juu yake, makaa juu ya bati. Ni ufundi uleule. Niliikula kobla kwa mara ya kwanza ugenini, kwenye oveni kubwa ya umeme, na nilipoambiwa ilivyokuwa ikipikwa zamani nilimwona bibi yangu amechutama mbele ya jiko lake uani. Niliporudi nyumbani niliipika kwa mkaa kabla sijaipika kwa namna nyingine yoyote, na mpaka leo ya mkaa ndiyo ninayoiamini zaidi.

Fanya hivi. Tafuta sufuria nzito yenye kitako kinene, iwe ya chuma au ya alumini ya kusubu, upana wa sentimita 25 hivi. Sufuria nyembamba itaunguza shira. Ipake siagi. Weka matunda yaliyochanganywa, funika, yapike kwenye moto wa wastani mpaka yatoe majimaji na kuanza kuchemka pembeni, ukikoroga mara mbili tatu yasishike.

Kisha punguza moto. Toa makaa mengi jikoni, ubakize kama theluthi moja, na uyatawanye pembeni badala ya kuyarundika katikati. Dondosha madonge. Funika kwa bati au kifuniko bapa cha chuma kisicho na mpini wa plastiki, kisha panga theluthi mbili ya makaa juu, mengi yakiwa kwenye ukingo. Uwiano huo, mbili juu kwa moja chini, ndio wanaoutumia hata Wamarekani wanaopika kwa sufuria la chuma porini, kwa sababu unga unataka moto wa juu ili uive na kupata rangi, wakati shira chini inaungua upesi.

Baada ya dakika 15 geuza sufuria nusu mzunguko, jiko halina moto sawa pande zote. Chungulia dakika ya 20, ukiinua kifuniko moja kwa moja juu, bila kukiinamisha, majivu yasiingie. Kwa kawaida inaiva kati ya dakika 25 na 35. Pikia nje au mahali penye hewa inayopita. Moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua, hata usipouona.

Na jiko la gesi lisilo na oveni?

Tandaza mchanga mkavu au chumvi ya mawe kwenye sufuria kubwa, kina cha sentimita 2, weka kigae au kifuniko kidogo cha chuma juu yake, funika na upashe moto dakika 10. Ingiza chombo cha kobla kisichofika ukingoni, funika tena, moto wa chini ya wastani, dakika 40 hadi 50. Itaiva, lakini juu itabaki nyeupe kwa sababu hakuna moto wa juu. Ukiwa na makaa machache, yaweke kwenye kifuniko dakika za mwisho.

Nitajuaje imeiva?

Kwa ishara mbili, na zote lazima ziwepo. Shira ichemke katikati ya chombo, siyo pembeni tu, na mapovu yake yawe mazito na ya polepole, maana konflawa haikazi mpaka ifikie moto wa karibu na kuchemka. Kisha inua donge la katikati kwa uma: upande wake wa chini uwe kama mkate, si kama ute. Rangi ya juu peke yake inadanganya. Mwenye kipimajoto cha chakula atafute nyuzi 93 ndani ya donge.

Naishi Nairobi, na kobla yangu inapanda halafu inabonyea.

Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo gesi ya beking pauda inatanuka zaidi kabla unga haujashika. Punguza beking pauda iwe kijiko kidogo kimoja na nusu, ongeza maziwa kijiko kikubwa kimoja, na pandisha oveni kwa nyuzi 5 hadi 10. Mbeya ni hivyohivyo, na Arusha nusu ya marekebisho hayo inatosha.

## Mambo yakienda kombo

Shira imekuwa maji. Nimekosea wapi?

Mara nyingi hukukosea kitu, umechota mapema. Shira ya konflawa hukaza inapopoa, na nusu saa ni kima cha chini. Ikiwa imepoa na bado ni maji, basi haikuchemka katikati (tazama swali la kuiva), au tunda lilikuwa na maji mengi kuliko kawaida. Kwa maembe yaliyoiva kupita kiasi, changanya na sukari, yaache nusu saa, chuja majimaji, yachemshe peke yake mpaka yabaki nusu, ndipo uyarudishe. Kazi inaongezeka kidogo, ila ladha unayoipata inazidi hata ya tunda lenyewe.

Unga chini ni mbichi.

Ama hukutanguliza matunda kwenye moto, ama madonge yaligusana na kuziba mvuke. Acha mianya. Madonge yawe na unene wa sentimita 2 tu.

Kifuniko ni kigumu kama jiwe.

Umekanda. Huu unga haukandwi kama wa chapati. Kila mzunguko unaoongeza unaukaza. Sababu nyingine ni siagi iliyoyeyuka kabla ya kuingia kwenye moto. Kwenye joto la pwani naweka hata bakuli la unga kwenye friji.

Juu inaungua, chini bado.

Funika kwa karatasi ya foili bila kuibana, shusha chombo kwenye ngazi ya chini ya oveni. Kwa mkaa, punguza makaa ya juu na usiongeze ya chini.

## Kula, kuhifadhi, na maswali ya pembeni

Inaliwa na nini?

Wamarekani huipa aiskrimu ya vanila, nayo ikiyeyuka juu ya shira yenye moto ni tamu kweli. Maziwa baridi yaliyomiminwa pembeni ni desturi ya zamani zaidi. Nyumbani kwangu ni tui la kwanza lililochemshwa na sukari kidogo na chumvi chembe. Chai ya rangi isiyo na sukari inafaa kando yake.

Inakaa siku ngapi?

Siku ileile ni bora. Mahali pa joto usiiache mezani zaidi ya saa chache, hasa ikiwa ya embe au ya tui. Kwenye friji siku 3. Kuipasha, irudishe kwenye oveni nyuzi 170 kwa dakika 15, au kwenye sufuria yenye makaa machache juu. Maikrowevu inaifanya iwe na unyevu na kifuniko kinapoteza ukavu wake.

Naweza kuiandaa kabla ya wageni?

Matunda yakate na kuyatia sukari na ndimu asubuhi, ila konflawa itie dakika ya mwisho. Vitu vikavu na siagi visugue, uviweke kwenye friji hata siku mbili. Maziwa yasiguse unga mpaka matunda yawe kwenye moto, maana beking pauda huanza kazi ikilowa.

Nina watu 20. Niongeze mara tatu kwenye chombo kimoja?

Tumia vyombo viwili au vitatu. Tabaka la matunda likizidi sentimita 5, katikati hapachemki kwa wakati.

Nina mgonjwa wa kisukari nyumbani.

Unaweza kuondoa sukari yote kwenye matunda, na embe zuri halitalalamika. Lakini tunda lina sukari yake na unga wa ngano nao unapandisha, kwa hiyo bado ni chakula cha kiasi kidogo, naye afuate alichoambiwa na daktari wake. Mwekee bakuli lenye matunda mengi na donge nusu.

Bila ngano inawezekana?

Inawezekana. Tumia unga wa mchele kikombe kimoja na wanga wa muhogo nusu kikombe, na yai moja la kushikanisha, kwa sababu hakuna kinachovuta kama ngano. Punguza maziwa yawe ml 100 kwanza, uongeze kidogo kidogo mpaka unga udondoke kwenye kijiko kwa uzito wake. Unga wa mchele unachelewa kunywa maji, uache dakika 10 kabla ya kuudondosha.